Kurasa Zilizoanzia Kulia

Chuoni, chumba cha mwisho cha bweni
8 Februari

Dada yangu mpendwa,

Nimefika salama, na kifungo ulichonishonea kwenye koti kimefika salama pia, ingawa koti lenyewe lilinaswa na mlango mara mbili. Chumba changu kina hatua saba kutoka mlangoni hadi dirishani. Meza ina mguu mmoja mfupi, nimeuwekea kipande cha kandambili. Mwenzangu wa chumba anakoroma, lakini ni mtu mwema na hasogezi vitu vyangu, jambo ambalo kwa kipofu lina thamani kuliko usingizi.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike haraka. Juzi niliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Kulikuwa na watu wawili wa halmashauri ya kanisa, wenye sauti za upole mno. Nawe unanijua, nikisikia sauti za upole namna ile huwa najua kuna kitu nanyimwa. Walisema wamekaa, wamelitafakari jambo langu, na wameamua kunisamehe Kiebrania. Wenzangu wote watakisoma, mimi nitapita bila.

Nikauliza cheti changu kitasemaje. Kisha mmoja akakohoa, akasema kitaandikwa "amesamehewa lugha", na kwamba aliyesamehewa lugha hapewi usharika wake mwenyewe. Atasaidia wengine. Ataombea wagonjwa. Nikawaambia wagonjwa nitawaombea sana tu, ila nimekuja hapa kuwa mchungaji, na msamaha sikuuomba kwa sababu sijamkosea mtu.

Kwa hiyo nitafanya mtihani mwezi wa sita kama wengine: kusoma kwa sauti na kufasiri kitabu kimoja kifupi, kile cha nabii mtoro, sura nne tu. Shida ni kwamba chuo hakina kitabu hicho kwa nukta nundu. Mwalimu wetu wa Kiebrania, mzee mwenye viatu vinavyolia, anaijua lugha lakini hazijui nukta. Wewe nukta unazijua tangu uliponifundisha kusoma, lakini lugha huijui. Hapa katikati niko mimi.

Ndani ya bahasha kuna kurasa za kitabu hicho zenye herufi kubwa, pamoja na jedwali la kila herufi na nukta zake. Ungeweza kunitobolea, taratibu, ukipata nafasi? Lugha yenyewe ni ya ajabu, Dada. Inaandikwa kuanzia kulia kwenda kushoto, na mwalimu anasema irabu zinakaa chini ya herufi kama makombo chini ya meza.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako

*

Nyumbani
19 Februari

Mhubiri wa Kuku,

Usinilaumu, jina hilo ulilipata mwenyewe ulipokuwa na miaka sita, uliposimama juu ya ndoo ukawahubiria kuku hadi wakalala. Nilijua siku ile kwamba mambo yataishia huku.

Nitatoboa. Nimeshatoa kibao na kalamu ya kutobolea kwenye droo ya uzi, na nimefungua kurasa zako juu ya meza ya kukatia. Herufi zenyewe zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Kuna mbili ambazo sikuona tofauti yake mpaka nilipovaa miwani na kushika rula. Lakini mimi ni fundi, nimewahi kunakili mtindo wa gauni kutoka kwenye picha iliyokunjwa mara nane. Nitanakili na hizi.

Wateja hupungua mchana baada ya saa nane. Hapo ndipo nitakapofanya kazi yako. Shemeji yako amekaa hapa ananiangalia nikitoboa barua hii, anasema hajawahi kuona watu wanaoandikiana mashimo. Analalamika kwamba labda tunamsengenya. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Tunamsengenya.

Hao wa halmashauri umewajibu vizuri.

Dada yako

*

Nyumbani
2 Mei

Mhubiri wa Kuku,

Hizo hapo, kurasa kumi na nne, wiki kumi. Nimezifunga kwa kitambaa cha bitana ili nundu zisilale njiani. Usiziwekee kitu kizito juu.

Nakwambia jambo moja ninalojivunia, kwa kuwa hapa hakuna mwingine wa kumwambia akaelewa. Unajua kwenye kibao tunatoboa kwa mgongo wa karatasi, tunaanzia kulia, na karatasi ikigeuzwa msomaji anaanzia kushoto. Sasa wewe uliniambia Kiebrania kinaanzia kulia. Nilikaa na kibao mapajani mchana mzima nikiwaza. Mwishowe nikagundua: nikianzia kushoto ninapotoboa, ukigeuza karatasi mwanzo wa kila mstari utaukuta kulia, kama walivyoandika wenyewe. Kumbe kichwa bado kinafanya kazi.

Kiganja kinauma kidogo, lakini hiyo ni sababu nzuri ya kumpa shemeji yako aoshe vyombo.

Niambie makosa yangu. Lazima yapo.

Dada yako

*

Chuoni
11 Mei

Dada mpendwa,

Zimefika, na hakuna nundu hata moja iliyolala. Kazi safi. Kazi safi sana. Sijui nikushukuru vipi. Mwalimu amezishika akasema hajawahi kuona uvumilivu wa namna hii, na wenzangu wamekuja chumbani mmoja mmoja kuzipapasa. Nazisoma kila siku baada ya kifungua kinywa, dirisha likiwa wazi.

Makosa sijayaona. Kila kitu kiko sawa kabisa, usijisumbue.

Hapa tumeanza kwenda hospitali kila Alhamisi kuwatembelea wagonjwa. Kuna bibi mmoja wodini anayeniuliza kila wiki kama nimekula. Nikimwambia nimekula, anagusa mkono wangu na kusema haiwezekani.

Pumzisha kiganja.

Mdogo wako

*

Nyumbani
26 Mei

Mhubiri wa Kuku,

Umenisifu mno. Mteja akisema gauni ni zuri sana, zuri sana, mara mbili, huwa najua kwapa linambana.

Herufi elfu kadhaa za lugha nisiyoijua, na sijakosea hata moja? Hebu soma tena, uniambie ukweli. Na ule mtindo wangu wa kulia na kushoto, umekusaidia?

Huyo bibi wa wodini yuko sahihi. Kula.

Dada yako

*

Chuoni
5 Julai

Dada mpendwa,

Barua fupi leo, maana tuna kazi nyingi. Mtihani wangu umesogezwa hadi mwisho wa Septemba. Ni mambo ya ratiba tu. Kurasa zako zinanifaa sana. Usiwe na wasiwasi wowote.

Mdogo wako

*

Chuoni, ofisi ya walimu wa lugha
9 Julai

Kwa dada wa mwanafunzi wangu,

Shikamoo, au marahaba, maana sijui kati yetu nani mkubwa, ingawa kwa kikohozi changu nadhani ni mimi. Nakuandikia kwa wino kwa sababu sijui kutoboa. Nimeipata anwani yako kwenye bahasha ya kurasa zako, ambazo nimezistaajabia.

Nakuletea swali na ombi. Kijana wetu anakijua Kiebrania vizuri, pengine kuliko darasa zima, na kwa hiyo lililotokea kwenye mtihani limenisikitisha. Msimamizi wa halmashauri hakutaka asomee kurasa zako, akihofia kwamba ameshazikariri. Alileta nyingine zilizochapwa kwa mashine. Kijana aliweka vidole, akasita, akarudi nyuma, akaanza tena. Muda uliisha kabla hajafika nusu, na wamempa nafasi moja ya mwisho, Septemba. Akikosa hiyo, cheti chake kitakuwa kile cha kusamehewa.

Nilimwuliza kwa nini kidole chake kilikuwa kikikimbilia kulia kwanza, kisha kinarudi kushoto. Akacheka, akasema amezoea kurasa zinazoanzia kulia. Ndipo nilipofahamu jambo ambalo mimi, mzee mzima, sikulijua: kwamba kwa nukta nundu hata Kiebrania husomwa kuanzia kushoto, kama lugha nyingine zote. Yeye alikuwa akilijua tangu mwanzo.

Je, unazo kurasa nyingine zinazoanzia kushoto? Kama zipo, tafadhali zitume. Naamini umeshalizungumza naye.

Wako katika huduma,
Mwalimu wa Kiebrania

*

Nyumbani
17 Julai

Mdogo wangu,

Mambo ya ratiba.

Mwalimu wako ameniandikia. Usimkasirikie, alidhani najua, kwa kuwa mtu yeyote mwenye akili timamu angedhani najua.

Nimeisoma barua yake mara tatu, kisha nikafunga duka, nikakaa. Shemeji yako aliniuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna aliyekufa.

Sikiliza. Sikukasirishwa na kukosea. Mimi nimewahi kushona suti ya bwana harusi mikono yote miwili ikawa ya kushoto. Nikafumua, nikashona upya, akaoa. Kukosea ni kazi yangu ya kila siku, na kufumua vilevile. Lakini wewe ulikuta kosa kwenye ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, ukanificha. Nilikuuliza kwa mkono wangu mwenyewe, mara mbili. Ukaniambia kazi safi. Ukakaa wiki saba unavifundisha vidole vyako kwenda kinyume, ukaenda kuanguka mtihani, ili mimi nisijue kwamba nimekosea.

Kumbuka ulichoniandikia Februari kuhusu wale watu wawili wenye sauti za upole. Walikusamehe bila kukuuliza. Sasa ikumbuke barua yako ya Mei. Sauti ni ileile, mdogo wangu. Ulinisamehe nukta kama wao walivyokusamehe lugha.

Nimeumia. Nakwambia hivyo wazi ili usilazimike kukisia.

Dada yako

*

Chuoni
25 Julai

Dada,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaketi, nikaisoma tena. Sina cha kujitetea nacho. Nilichonacho ni maelezo tu, na nayaandika kwa kuwa umenidai ukweli, si kwa kuwa yatapunguza kitu.

Kosa la kwanza ni langu. Niliandika kwamba Kiebrania kinaanzia kulia kwa sababu nilifurahi kukijua kitu kipya, nikasahau kuongeza kwamba kwetu sisi wa nukta kinaanzia kushoto. Wewe ulifuata nilichokwambia, tena kwa akili kubwa kuliko yangu.

Kurasa zilipofika nilizikimbilia kabla ya kufungua barua yako, nikapapasa mstari wa kwanza, sikuelewa kitu. Siku mbili nilidhani wale wa halmashauri walikuwa sahihi na kichwa changu hakiwezi. Siku ya tatu nikaifungua barua, nikajaribu kuanzia upande wa pili, na maneno yakafunguka. Nilifurahi mpaka mwenzangu wa chumba akaamka. Nikafikiria zile wiki kumi zako, na kiganja chako, na jinsi ulivyojivunia, nikasema, basi, nitasoma hivihivi, nani atajua. Nilidhani mtihani utatumia kurasa hizohizo. Nilidhani nakutunza.

Umesema sauti ni ileile. Niliposoma hapo uso wangu uliwaka moto. Ni kweli, na sikuwahi kudhani inaweza kutoka kwenye koo langu. Wao walidhani siwezi kubeba kitabu. Mimi nilidhani huwezi kubeba kosa, wewe uliyenibeba mimi.

Nisamehe. Safari hii naomba msamaha, kwa sababu nimekosa.

Na nina ombi, ambalo naliomba kama mteja kwa fundi, bila upole wowote: kazi uliyonifanyia imekuja kinyume, naomba uifumue uishone upya. Nina wiki tisa. Nikikosa Septemba, sitapata usharika. Ninakuhitaji.

Mdogo wako

*

Nyumbani
30 Agosti

Mhubiri wa Kuku,

Naona nimelirudia jina, kwa hiyo jua hasira imekwisha. Iliisha siku ya tatu, lakini niliiacha ikae kidogo ili ujifunze.

Kurasa kumi na nne, wiki tano badala ya kumi. Mkono umezizoea zile herufi, hata zile mbili pacha sasa nazitofautisha bila rula. Juzi niliota nimezishona kwenye shuka la mtu. Shemeji yako ameosha vyombo kwa wiki zote tano, na amejifunza kutoboa jina lake. Analitoboa kila mahali, hata kwenye pakiti ya majani ya chai.

Safari hii nimeanzia kulia kwa mgongo wa karatasi, kama barua zetu. Utaanzia kushoto.

Sitaki kusikia kazi safi. Nataka makosa, ukurasa kwa ukurasa, mstari kwa mstari. Ukikaa kimya nakuja huko mwenyewe, na nitaketi darasani.

Dada yako

*

Chuoni
7 Septemba

Dada,

Haya basi.

Ukurasa wa tatu, mstari wa pili: umesahau irabu moja, lile kombo la chini ya herufi, neno likageuka kitu ambacho hakipo. Ukurasa wa saba, mstari wa nne: umeruka neno zima, na nabii amebaki ndani ya samaki bila kitenzi cha kumtoa. Ukurasa wa kumi: herufi moja umeitoboa mara mbili. Ukurasa wa kumi na mbili: mistari miwili imepanda juu kama pindo lililoshonwa kwa haraka. Ukurasa wa mwisho unanukia mafuta ya cherehani. Hilo si kosa, usilirekebishe.

Mengine yote yako sawa. Sasa ukisoma sentensi hiyo utaiamini.

Vidole vyangu vinalalamika, siku za kwanza vilitaka kurudi vilikozoea. Mwalimu anakaa nami kila alasiri. Mimi nasoma, yeye anafuata kwenye kitabu chake cha wino, kidole chake kikienda kushoto na changu kulia. Anasema tunapishana kila mstari kama watu wawili mlangoni.

Mdogo wako

*

Chuoni
29 Septemba

Dada,

Nimepita.

Msimamizi alileta tena kurasa zake za mashine. Nikaweka vidole kushoto, nikashusha pumzi, nikasoma hadi mwisho na muda ukabaki. Yule mmoja wa sauti ya upole alikuwepo. Alinisahihisha matamshi mara mbili, kwa ukali kidogo, kama anavyowasahihisha wengine. Sijawahi kufurahia kusahihishwa namna ile.

Cheti hakitakuwa na lile neno. Kuwekewa mikono ni tarehe ishirini na sita Novemba, na wiki hiyohiyo nitapelekwa kwenye usharika wangu. Wangu, Dada. Njoo na kanzu ya uchungaji uliyoahidi kunishonea. Njoo na shemeji, hata akitoboa jina lake kwenye mabenchi.

Mdogo wako

*

Nyumbani
2 Desemba

Mchungaji,

Nimejaribu kuandika hivyo, lakini mkono umegoma. Mhubiri wa Kuku,

Tumefika nyumbani salama. Sikupata nafasi ya kukuvuta kando siku ile. Watu walikuzunguka, na gari la usharika wako lilikuwa linapiga honi. Kwa hiyo naandika.

Nilikaa benchi la pili. Ulipoingia na wenzako mmepanga mstari, fimbo yako ikigonga sakafu, nililia, na shemeji yako alilia zaidi yangu, atakataa. Ulipowekewa mikono nilimkumbuka mama na ile ndoo yako. Nimeridhika. Sijui neno lingine. Sijawahi kuridhika hivi na kitu chochote nilichokisaidia kwa mikono yangu.

Sasa ukweli. Kanzu ina vifungo kumi na viwili, nilivishona mimi mwenyewe, navijua. Wewe ulianza kifungo cha pili kwenye tundu la kwanza, ukaendelea hivyo hadi chini. Upande mmoja wa shingo ulipanda hadi sikioni, na pindo likashuka upande mmoja kama pazia lililokatika kamba. Ulitembea hivyo kanisa zima. Watu mia tatu waliona. Askofu aliona, maana alipoweka mikono kichwani kwako macho yake yalikuwa kwenye vifungo. Mkuu wa chuo aliona. Wote walikupa mkono, wote walikuambia umependeza.

Hukupendeza. Ulikuwa umevaa vibaya na ulikuwa mchungaji, vyote viwili.

Siku nyingine anza kuhesabu kutoka chini.

Dada yako

*

Usharikani, chumba cha nyuma ya madhabahu
14 Desemba

Dada,

Barua yako ilifika Jumamosi. Niliisoma, nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Jumapili asubuhi nilivaa kanzu kuanzia chini. Mzee wa kanisa, bwana mmoja mwenye sauti nzito na mkono wa seremala, alikuja kunichukua. Nikamwambia, "Mzee wangu, nitazame vizuri. Kuna kosa?"

Akasema, "Hakuna, mchungaji. Uko vizuri kabisa." Kwa upole.

Nikaitoa barua yako mfukoni, nikaiweka mezani, nikamsomea kwa kidole tangu pale kwenye vifungo kumi na viwili hadi pale kwenye vyote viwili. Nikamwambia, huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, na hivi ndivyo anavyonipenda. Na wewe nitafanya kazi nawe miaka mingi, Mungu akipenda. Nitazame tena.

Nikasikia anavuta kiti, anaketi, kisha anapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi, mchungaji," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa nzito, "vifungo ni sawa. Soksi moja ni nyeusi na nyingine ni ya kijani. Na Jumapili iliyopita mahubiri yalikuwa marefu."

Tulichelewa kuanza ibada dakika kumi, yeye akinitafutia soksi nyeusi ya pili. Nilihubiri kwa ufupi. Kurasa zako nilikuwa nazo mimbarini, zile za kwanza, zinazoanzia kulia. Hizo sitakurudishia.

Mdogo wako,
Mhubiri wa Kuku